Alois Alzheimer: Daktari aliyeutafuta ugonjwa wa kusahau ndani ya ubongo

Ndugu msikilizaji uliye Ivuna, Kamsamba, Tunduma na kote Songwe, huenda umewahi kuyaona haya.

Mzee aliyelima shamba lile lile kwa miaka arobaini anatoka asubuhi kwenda shambani. Jioni anakutwa mbali, upande wa ziwa, na hajui amefikaje huko. Bibi anamwita mjukuu kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mama mtu mzima anaficha fedha zake ndani ya gunia la mpunga, anasahau alikoziweka, kisha anamlaumu mkwe wake kuwa ndiye kaziiba.

Katika nyumba nyingi mambo kama haya hupewa moja ya majibu matatu. La kwanza ni kwamba huo ni uzee tu. La pili ni kwamba mtu huyo amerogwa. La tatu ndilo la hatari zaidi: kwamba yeye mwenyewe ni mchawi, ndiyo maana anatembea usiku na kusema peke yake. Katika nchi yetu wazee, hasa akina mama, wamewahi kupigwa, kufukuzwa vijijini na hata kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Katika makala hii tunakueleza maisha ya mtu aliyetafuta jibu la nne. Ni daktari wa Ujerumani ambaye jina lake limekuwa jina la ugonjwa: Alois Alzheimer. Mwishoni tutaeleza wataalamu wamegundua nini baada yake kuhusu vimeng'enya vya ubongo, na nini unaweza kufanya ukiwa na mgonjwa wa aina hii nyumbani.

Kuzaliwa na masomo

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Main. Baba yake, Eduard, alikuwa mwanasheria wa kuthibitisha hati na mikataba. Familia ilikuwa ya Wakatoliki wenye maisha ya wastani, na watoto walisomeshwa.

Kijana Alois alipenda sayansi. Alisomea udaktari Berlin, kisha Tübingen na Würzburg, na mwaka 1887 alipata shahada yake. Utafiti wake wa kumalizia masomo haukuhusu ubongo wala kusahau. Ulihusu tezi ndogo zinazotengeneza nta ya masikio. Kazi hiyo ilimfundisha kutumia hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na chombo hicho hakukiacha maisha yake yote.

Frankfurt: mchana kwa wagonjwa, usiku kwenye hadubini

Mwezi Desemba 1888, akiwa na umri wa miaka 24, Alzheimer aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kifafa mjini Frankfurt. Mkuu wake alikuwa Dk. Emil Sioli.

Wakati ule hospitali za namna hiyo zilikuwa mahali pa kuogopwa. Wagonjwa wengi walifungwa kamba au kuvalishwa nguo za kuwazuia wasisogeze mikono, na wengine walifungiwa peke yao vyumbani. Sioli na Alzheimer walitaka kupunguza mambo hayo. Waliwapa wagonjwa bafu za maji ya uvuguvugu za kuwatuliza, wakawaruhusu kutembea bustanini, na kila walipoweza wakaacha kuwafunga. Alzheimer alizoea kukaa na wagonjwa, kuzungumza nao na kuandika waliyoyajibu.

Mwaka 1889 alikuja daktari mwingine kijana, Franz Nissl. Nissl alikuwa amegundua rangi ambayo ukiitia kwenye kipande chembamba cha ubongo, seli za neva zinaonekana wazi chini ya hadubini. Wawili hawa wakawa marafiki wa maisha. Mchana walihudumia wagonjwa. Usiku walichunguza bongo za wagonjwa waliofariki, wakitafuta alama za ugonjwa.

Walikuwa na sababu ya kutafuta huko. Katika hospitali za akili za Ulaya za miaka ile, wagonjwa wengi walikuwa na kaswende iliyofika kwenye ubongo. Alzheimer aliichunguza kaswende hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1904 aliandika kazi kubwa kuihusu. Aliona kwamba mtu anaweza kupotewa na akili kwa sababu ya uharibifu unaoonekana ndani ya ubongo wake, bila laana na bila mkono wa mtu. Kama ilikuwa hivyo kwa kaswende, ingewezekana iwe hivyo kwa magonjwa mengine.

Ndoa na msiba

Mwaka 1894 Alzheimer alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane wa mfanyabiashara tajiri wa almasi. Walipata watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Mali ya mke ilimwezesha daktari huyu baadaye kufanya utafiti hata pale ambapo hakulipwa mshahara.

Furaha hiyo haikudumu. Cecilie alifariki mwanzoni mwa mwaka 1901, na kumwachia mumewe watoto wadogo. Dada yake Alzheimer alikuja kuwalea. Yeye mwenyewe alizama kazini. Miezi michache baada ya msiba huo akakutana na mgonjwa aliyebadilisha maisha yake.

Auguste Deter, mke wa karani wa reli

Tarehe 25 Novemba 1901 mwanamke mmoja aliletwa hospitalini Frankfurt na familia yake. Aliitwa Auguste Deter, alikuwa na miaka 51, na mumewe alikuwa karani wa shirika la reli. Kwa miaka mingi alikuwa mke na mama mwenye kuweka nyumba yake vizuri.

Mabadiliko yalianza na wivu. Ghafla Auguste aliamini kuwa mumewe anatembea na jirani. Baadaye akaanza kusahau. Alikosea mapishi aliyoyajua. Alificha vyombo asijue alikoviweka. Alizunguka nyumbani bila sababu, aliogopa kwamba watu wanataka kumdhuru, na usiku alipiga kelele. Mumewe alishindwa kumtunza.

Alzheimer alikaa naye akamuuliza maswali mepesi, akaandika kila jibu. Alipomuuliza jina lake, alilijua. Alipomuuliza jina la mumewe, alitaja tena jina lake mwenyewe. Alipoonyeshwa kalamu na funguo aliweza kuvitaja, lakini muda mfupi baadaye hakukumbuka alichoonyeshwa. Alipokuwa akila na kuulizwa anakula nini, alitaja chakula ambacho hakikuwa mbele yake. Alipoambiwa aandike jina lake, alianza, akasahau kilichobaki. Katikati ya mahangaiko hayo alieleza kwa namna yake kwamba amejipoteza mwenyewe.

Huenda bibi au shangazi unayemfahamu anafanana na mwanamke huyu. Wivu usio na msingi, kushuku wizi, kuzurura na kelele za usiku ndiyo mambo yanayomfanya mzee achukiwe na majirani. Daktari huyu aliyaandika kama dalili za ugonjwa, na Auguste akaandikwa kama mgonjwa.

Munich na kifo cha Auguste

Mwaka 1902 Alzheimer alihama Frankfurt kwenda Heidelberg kufanya kazi na Emil Kraepelin, profesa aliyekuwa na sifa kubwa katika magonjwa ya akili. Mwaka 1903 wote wawili walihamia Munich. Huko Alzheimer alisimamia maabara ya uchunguzi wa ubongo, na wanafunzi walimfuata kutoka nchi mbalimbali. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipita meza moja baada ya nyingine kuangalia hadubini ya kila mwanafunzi, akiwa na sigara yake kubwa, na jioni ilipofika kila meza ilikuwa imebaki na kipande cha sigara alichokisahau pale.

Hata akiwa mbali, hakumsahau Auguste. Aliendelea kuuliza hali yake Frankfurt. Auguste alizidi kudhoofika, akawa hasemi tena maneno ya maana, akalala kitandani muda wote na kupata vidonda vya mgongoni. Alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Alzheimer aliomba jalada lake na ubongo wake, na vyote vikapelekwa Munich.

Pamoja na madaktari wawili vijana kutoka Italia, Gaetano Perusini na Francesco Bonfiglio, aliukata ubongo huo vipande vyembamba sana. Safari hii alitumia pia rangi yenye madini ya fedha. Mambo matatu yalionekana.

Kwanza, ubongo ulikuwa umesinyaa, na seli nyingi za neva zilikuwa zimekufa.

Pili, ndani ya seli nyingi zilizobaki kulikuwa na nyuzi zilizosokotana, kama uzi wa nyavu uliochanganyika hadi haufai tena.

Tatu, katikati ya seli kulikuwa na mabonge madogo ya kitu kigeni yaliyotapakaa kila mahali.

Tarehe 3 Novemba 1906 Alzheimer aliyaeleza haya mbele ya mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Alipomaliza, hakuna aliyeuliza swali. Mkutano ukaendelea na mada nyingine. Mwaka 1907 alichapisha maelezo mafupi ya mgonjwa huyo. Mwaka 1910 Kraepelin aliuingiza ugonjwa huo katika kitabu chake maarufu cha mafunzo na kuupa jina la mwenzake. Tangu hapo unaitwa ugonjwa wa Alzheimer.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya hao hao Wajerumani, na kusini moto wa vita vya Maji Maji ulikuwa bado haujazimika. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameanza kutunza wagonjwa wa akili. Lakini habari ya mkutano wa Tübingen haikuwafikia watu wa bonde la Rukwa.

Mwisho wa maisha yake

Mwaka 1912 Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa mjini Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Alipokuwa safarini kwenda kuanza kazi aliugua, na tangu hapo moyo na figo zake hazikupona sawasawa. Aliendelea kufundisha kadiri nguvu zilivyomruhusu. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Alifariki tarehe 19 Desemba 1915, akazikwa Frankfurt kando ya mkewe Cecilie.

Alikuwa na miaka 51, umri ule ule aliokuwa nao Auguste siku alipoletwa hospitalini.

Kwa miaka mingi baada yake, madaktari walidhani ugonjwa huu ni wa nadra na huwapata watu ambao hawajazeeka sana, kama Auguste. Wazee waliosahau waliambiwa ni umri. Ni katika miaka ya 1960 na 1970 tu ndipo wataalamu walipolinganisha bongo za wazee na kukubali kwamba mabonge yale na nyuzi zile ndizo zilizokuwa kwa wengi wao. Leo Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na katika kila 10, kati ya 6 na 7 wana ugonjwa wa Alzheimer.

Mabonge yale yanatoka wapi? Habari ya vimeng'enya

Alzheimer aliyaona mabonge lakini hakuweza kujua yanatokana na nini. Neno jeni lenyewe lilianza kutumika mwaka 1909. Ili kuelewa kilichogunduliwa baadaye, tuanze na kitu unachokijua: kimea.

Ukisaga ulezi mkavu, unapata unga. Lakini ukiuloweka ulezi, ukauacha uchipue, kisha ukaukausha na kuusaga, unapata kimea. Kimea hicho ukikitia kwenye uji, uji unalainika na kuwa mtamu, nayo ndiyo togwa. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya, yaani protini ambayo kazi yake ni kukata au kuunganisha vitu vingine. Kimeng'enya cha kimea hukata wanga kuwa sukari.

Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho yamo ndani ya punje ya ulezi hata ikiwa kavu. Maelekezo hayo ndiyo jeni. Lakini katika punje kavu yametulia. Punje ikipata maji na kuanza kuota, jeni hiyo huamka, maelekezo yake yanasomwa kwa wingi, na kimeng'enya kinatengenezwa. Jeni ni ile ile. Kilichobadilika ni kiasi inavyosomwa.

Mwili wa mtu hufanya vivyo hivyo. Kila seli ina jeni karibu zote, lakini seli ya ubongo husoma baadhi tu, nyingine kwa wingi, nyingine kidogo. Umri, ugonjwa na hali ya mwili vinaweza kubadilisha kiasi hicho.

Vimeng'enya na protini zote hujengwa kwa vijenzi vidogo viitwavyo asidi za amino. Wenyeji wa Ivuna wana sababu ya kulijua neno hilo. Jiwe lililoanguka kutoka angani karibu na Ivuna tarehe 16 Desemba 1938, lisichanganywe na kile kimondo kikubwa cha Mbozi, limechunguzwa na wanasayansi wa nje, na ndani yake zimekutwa asidi za amino. Sehemu ya jiwe hilo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho London.

Sasa turudi kwenye ubongo. Kwenye ukuta wa seli za neva kuna protini ndefu iliyochomekwa kama kijiti kwenye ukuta wa udongo. Kimeng'enya cha kwanza, kiitwacho sekretesi ya beta, hukata sehemu iliyo nje ya ukuta. Cha pili, sekretesi ya gama, hukata ile iliyobaki ndani ya ukuta. Kinachochomoka ni kipande kidogo chenye asidi za amino 40 hivi, kiitwacho amiloidi. Vipande hivi vikigandamana, ndiyo mabonge aliyoyaona Alzheimer.

Kipande hiki hutengenezwa kwa kila mtu, hata mwenye afya. Kinachotuokoa ni usafi. Kuna vimeng'enya vingine, kimojawapo kikiitwa neprilisini, ambavyo huvivunja vipande hivyo visijikusanye. Ni kama mfereji wa shamba la mpunga: tope huingia kila siku, na mradi watu wanauzibua, maji yanapita. Tope likizidi, au wazibuaji wakipungua, mfereji unaziba.

Watafiti hupima bongo zilizotolewa kwa hiari ya watu au familia zao baada ya kifo, na kuangalia jeni za vimeng'enya hivi zilikuwa zikisomwa kiasi gani na vimeng'enya vyenyewe vilifanya kazi kiasi gani. Katika bongo nyingi za wagonjwa wa Alzheimer, kile kimeng'enya cha kwanza cha kukata kimekutwa kikifanya kazi kupita kawaida. Katika sehemu zenye mabonge mengi, kile cha kusafisha kimekutwa kimepungua. Lakini ubongo wa mtu aliyekwisha kufa unaonyesha mwisho wa safari. Si rahisi kujua kama mabadiliko hayo yalileta ugonjwa au ugonjwa ndio ulioyaleta.

Kwa familia chache sana duniani jibu liko wazi zaidi. Mwaka 1995 iligunduliwa jeni ya presenilini, ambayo ni sehemu ya ukataji ya kile kimeng'enya cha pili. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, ugonjwa hurithiwa na kuanza mapema, hata kabla ya miaka 50. Mwaka huo huo wa 1995 jalada la Auguste, lililokuwa limepotea, lilipatikana Frankfurt, na baadaye vipande vya ubongo wake vikapatikana Munich. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameona kasoro katika jeni hiyo ya Auguste. Kundi jingine lilipopima tena halikuiona. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake, swali la kwa nini aliugua halijafungwa. Lakini kwa wagonjwa walio wengi, hasa wazee, ugonjwa haurithiwi kwa njia hiyo ya moja kwa moja.

Je, dawa ipo?

Dawa ya kuponya haijapatikana. Zipo za kupunguza makali, na mojawapo ilitokana na kuchunguza vimeng'enya.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba bongo za wagonjwa zilikuwa zimepungukiwa kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana habari. Wataalamu wakatengeneza dawa za kuzuia kimeng'enya kingine, kile kinachoiharibu asetilikolini, ili hiyo kidogo iliyopo idumu. Donepezili, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1996, ni mojawapo. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, lakini haisimamishi ugonjwa.

Kampuni kubwa zilijaribu pia kuzuia kile kimeng'enya cha kwanza cha kukata. Dawa hizo zilipunguza amiloidi kweli, lakini wagonjwa hawakupata nafuu, na baadhi walizidi kupungua kumbukumbu. Majaribio yakasimamishwa. Miaka ya karibuni zimekubaliwa katika nchi tajiri dawa za sindano zinazoondoa amiloidi. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo kwa walio mwanzoni, ni ghali mno, na mgonjwa hulazimika kupigwa picha za ubongo kila mara kwa sababu zinaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu kichwani.

Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa sokoni au mnadani akidai inaponya kusahau kwa wazee, jua kwamba anakudanganya.

Hapa Tanzania hali ikoje?

Mwaka 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, wakawapima wazee zaidi ya 1,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Walikuta kwamba kama watu 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote wa afya kwamba wana ugonjwa. Familia zilidhani ni uzee wa kawaida.

Hai ni vijijini kama kwetu. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wazee wa Momba au Mbozi hawapati ugonjwa huu.

Ufanye nini ukiwa na mgonjwa nyumbani

Usingoje. Kusahau jina la mtu na kulikumbuka baadaye ni kawaida ya umri. Kupotea njia uliyoizoea, kushindwa kupika ulichopika maisha yote, kurudia swali lile lile mara kumi kwa saa moja, au kubadilika tabia ghafla si kawaida.

Mpeleke zahanati au kituo cha afya kwanza. Yapo magonjwa yanayofanana na Alzheimer ambayo yanatibika: kaswende, ile ile aliyoichunguza Alzheimer, upungufu wa baadhi ya vitamini, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, na madhara ya dawa au pombe. Virusi vya Ukimwi pia vinaweza kuathiri kumbukumbu. Kama mzee amechanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, huenda ni malaria, maambukizi mengine au kiharusi. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Usibishane naye. Akisema fedha zake zimeibiwa, msaidie kuzitafuta. Akimwita mjukuu kwa jina jingine, mjukuu aitike. Ubishi humwongezea hofu.

Mpangie siku isiyobadilika. Ale, aoge na alale saa zile zile. Apewe kazi anazoziweza, kama kupeta mchele au kuchambua maharage.

Mlinde na hatari. Moto wa kuni, kisima, mto na barabara vinahitaji jicho la mtu. Majirani na mwenyekiti wa kitongoji wajue hali yake, ili akionekana anazurura arudishwe nyumbani kwa upole.

Gawaneni zamu. Mara nyingi mzigo wote huachiwa binti mmoja au mkwe mmoja. Mtu huyo naye anahitaji kulala na kwenda shambani kwake.

Na tuwalinde wenyewe tukingali na afya. Wataalamu wanasema karibu nusu ya wagonjwa duniani huenda wasingeugua, au wangechelewa kuugua, kama mambo kadhaa yangeshughulikiwa mapema: shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe kupita kiasi, kuumia kichwa, kupungua kusikia, upweke na kukosa elimu utotoni. Pima shinikizo la damu kila unapofika kituo cha afya. Kwa vijana wa bodaboda, kofia ngumu inalinda kumbukumbu ya uzeeni pia.

Ukisikia katika kijiji chako mzee anatajwa kuwa mchawi kwa sababu anasahau, anatembea usiku au anasema peke yake, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au polisi kabla mambo hayajaharibika, na uwaeleze majirani habari ya Auguste. Alishuku watu, alizurura, alipiga kelele usiku. Alikuwa mgonjwa.